Kamati ya Kuthibitisha Kutojiweza

Barua ilifika ghalani Kilosa siku ya Jumanne, mwaka ule wa unga wa njano ambao watu waliupachika jina la Yanga, na Ndugu Urbanus, meneja wa ghala, aliisoma mara tatu kabla ya kumwita Melkizedek ofisini. Melkizedek alikuja na bambo lake mkononi, ule mrija wa chuma wenye ncha wa kudungia magunia ili punje zichuruzike kiganjani, na vumbi la mahindi limemjaa hadi kwenye nyusi. Alikuwa mzaliwa wa milimani, mwenye miaka thelathini na kitu, na macho yake hayakuwa yameona chochote tangu surua ilipompitia kabla hajaanza shule.

"Kaa, ndugu yangu. Pole," alisema Urbanus.

Melkizedek hakukaa. Pole za Urbanus alizizoea. Alipewa moja asubuhi, moja mchana na moja ya kwenda nayo nyumbani. Lakini hii ilikuwa inatetemeka.

"Kuna nini, Ndugu Meneja?"

"Mkoani wameandika. Nasoma kama ilivyo. 'Imebainika kwamba asiyejiweza wa kituo chako anajiweza. Hali hii ni kinyume cha waraka. Kamati itafika Ijumaa kuthibitisha kutojiweza kwake. Endapo itaonekana anajiweza, aondolewe mara moja.'"

Hapa inabidi waraka wenyewe uelezwe, ingawa waliouandika hawakuwahi kujisumbua kuueleza. Miaka miwili kabla, ulikuja ukiagiza kila kituo cha shirika la nafaka kiajiri mtu mmoja asiyejiweza. Nia ilikuwa njema, na ikabaki kuwa nia. Hakuna aliyesema huyo asiyejiweza afanye nini akishaajiriwa. Urbanus alimchukua Melkizedek kutoka kwenye baraza ya kaka yake, akampa kiti karibu na mlango mkubwa wa ghala, akamwambia, "Kazi yako ni kuwepo." Basi Melkizedek akawepo. Alikuwepo wiki sita mfululizo, kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya jioni, na aliporudi nyumbani mgongo ulimuuma kuliko wa kuli yeyote.

Wiki ya saba gunia lililotoka kijiji cha Chanzuru lilipasukia miguuni pake. Aliokota punje mbili, akazitafuna, akasema, "Haya hayajakauka. Yatavunda." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baada ya siku kumi na tano lundo lote la Chanzuru lilikuwa linafuka joto na kunuka kama pombe ya harusi, na hapo ndipo alipopewa bambo. Tangu siku hiyo hakuna gunia bovu lililopita. Alisikia unyevu kwa meno, alisikia fukusi kwa kiganja, na mchanga uliofichwa chini ya gunia aliusikia lilipotua sakafuni. Mambo yangeendelea hivyo kimyakimya, kama Urbanus asingeandika kwa fahari katika taarifa yake ya mwaka kwamba "asiyejiweza wetu amekagua magunia elfu nne." Huko mkoani waliposoma, walishtuka kama watu walioibiwa.

Kuondolewa maana yake ilikuwa kurudi barazani kwa kaka yake. Melkizedek aliifahamu baraza ile kila ufa. Pale aliwekewa chakula, aliwekewa maji, na yeye mwenyewe alitolewa juani asubuhi na kuingizwa kivulini mchana, kama mahindi yanayoanikwa. Sasa alikuwa na chumba chake Kilosa mjini, na mke, Agnesi, na mtoto, Yudith, aliyeanza kusema. Alitoka ofisini. Aliogopa, na wala hakujaribu kuficha.

Nyumbani Agnesi aliisikia habari yote akiwa anachambua mchicha, na hakuacha kuchambua.

"Basi usijiweze," alisema.

"Nisijiweze vipi?"

"Siku moja tu, Baba Yudith. Ijumaa usijiweze, Jumamosi ujiweze tena. Kwani hao kamati wanahamia hapa?"

Wazo lilikuwa zuri, ila lilikuwa na kasoro moja: Melkizedek hakujua asiyejiweza anakuwaje. Ikabidi atafutiwe mwalimu. Mwalimu akawa Mwinshehe, kuli mkongwe wa pale ghalani, mtu wa bondeni mwenye maneno mengi, aliyejitolea kumfundisha kipofu namna ya kuwa kipofu.

"Kipofu anatembea hivi," alisema Mwinshehe Jumatano, wenzake walipokwenda kula.

"Hivi vipi? Sikuoni."

"Ala! Basi nishike."

Melkizedek alimpapasa. Mwinshehe alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele, kidevu juu, mguu mmoja hewani.

"Mimi sijawahi kutembea hivi hata siku moja."

"Ndiyo maana wamekuandikia barua. Haya, tembea. Nyoosha mikono. Sasa jikwae."

"Kwenye nini? Hapa hakuna kitu."

"Jikwae hivyohivyo! Wewe ni kipofu bwana, unahitaji kitu?"

Alijaribu. Mwinshehe akasema huko si kujikwaa, huko ni kupiga goti kanisani. Akapanga magunia njiani, Melkizedek akayazunguka moja baada ya jingine. Mwinshehe akakasirika, akamuuliza anajuaje yalipo.

"Nayasikia."

"Unasikia gunia? Gunia linasema nini?"

"Halisemi. Mahali penye gunia pananyamaza."

Mwinshehe alikaa chini akashika kichwa. Alisema amewahi kumfundisha punda kuingia kwenye behewa, na yule punda alikuwa mwelewa. Alhamisi walirudia tangu mwanzo. Nyumbani Agnesi naye alimfanyisha mazoezi ya kumwaga chai, akalalamika kwamba anaimwaga kwa ustadi mno, yote ndani ya sahani. Usiku ulipoingia Melkizedek alikuwa amejifunza kupapasa ukuta asiouhitaji, kuita "nani huyo?" kwa mtu aliyemtambua kwa nyayo, na kufungua mdomo kidogo anapongoja. Hili la mdomo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Ijumaa kamati ilichelewa kwa sababu tembo walikuwa wamelala barabarani Mikumi na hakuna mwanakamati aliyejitolea kuwaamsha. Ilifika saa tano, watu wawili na dereva. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Lupakisyo, mwenye sauti nzito na viatu vinavyolia. Katibu alikuwa Ndugu Teresia, aliyenukia wino na karafuu, na aliyekuwa na fomu.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti," alisema Melkizedek, akiwa amegeukia ukutani kama alivyofundishwa.

"MARAHABA!" alipiga kelele Lupakisyo, kwani aliamini macho yakiharibika masikio huyafuata. Kisha akamgeukia Urbanus kwa sauti ya kawaida. "Ameanza vizuri. Tumpime."

Magunia matatu yakaletwa. Kuli wote waliacha kazi wakaja kutazama. Melkizedek alinyoosha mikono, akajikwaa pasipo na kitu, akadunga hewa mara mbili, na mara ya tatu akalipata gunia la kwanza. Punje zikateremka kiganjani, nene, kavu, tamu kwa harufu.

"Haya ni maharage," alisema.

"Safi sana!" alisema Lupakisyo. "Katibu, andika: hakuweza."

Gunia la pili lilikuwa limeliwa. Kabla hajalichomoa bambo, fukusi walishaanza kumpanda kiganjani, wakapita kwenye kifundo wakielekea kwenye kiwiko, wengi, bila haraka.

"Haya hayana mdudu hata mmoja," alisema Melkizedek, na mmoja akaingia ndani ya mkono wa shati.

"Hongera!" alisema Lupakisyo, akampiga mgongoni. "Hajiwezi kabisa huyu. Ndugu Meneja, ulitutia wasiwasi bure."

Urbanus alicheka kwa kushusha pumzi. Kuli wakapiga makofi. Melkizedek alisimama katikati ya makofi hayo, mdomo wazi kidogo, na aibu ikamshika shingoni kama mkono wa mtu. Miaka miwili hakuna aliyempigia makofi kwa gunia lolote alilolipatia.

Likabaki moja. Lupakisyo alisema hilo lidungwe kwa kutimiza utaratibu tu, halafu lipakiwe kwenye Landrova, kwani kamati italichukua kama sampuli. Sampuli ya gunia zima haijawahi kusikika, lakini mahindi meupe mwaka ule yalikuwa yakiwatoa watu udenda, na hakuna aliyeuliza. Dereva alishafungua mlango wa nyuma.

Melkizedek akadunga. Punje zikaja laini mno, zenye unga mwembamba usio wa mahindi. Akazisogeza puani. Ilikuwa harufu ya dawa, ile kali inayokaa nyuma ya koo, dawa ya kuhifadhia mbegu. Hili lilikuwa gunia la mbegu lililochanganyika na mahindi ya kula mahali fulani njiani.

Alijua afanye nini. Aseme "safi," na Jumamosi ajiweze tena, kama alivyosema Agnesi. Kamati ingeondoka na sampuli yake, na Jumapili nyumba mbili za Morogoro zingesonga ugali mweupe na kuwaita watoto. Alifikiri juu ya baraza ya kaka yake, na Yudith akiwekwa pale pamoja naye juani. Alifikiri pia kwamba watu hawa hawakuwa wamemfanyia wema wowote, na hilo nalo lilikuwa kweli. Akafunga mdomo wake uliokuwa wazi.

"Msile haya," alisema.

"Nini?"

"Ni mbegu. Yametiwa sumu ya wadudu. Mkiyala mtazikwa."

Nyuma yake Mwinshehe alinong'ona kwa uchungu, "Melki, jikwae! Jikwae sasa hivi!"

"Asiyejiweza hawezi kujua jambo hilo," alisema Lupakisyo. "Haiwezekani kiutaratibu. Ndugu Meneja, wewe ndiye mpokeaji mkuu wa nafaka. Nusa."

Urbanus alinusa. "Nasikia harufu ya gunia," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na alitaka siku iishe vizuri kwa kila mtu, akachota konzi nzima. "Mahindi mazuri tu. Tazameni." Akaanza kutafuna.

Melkizedek alisikia meno. Aliruka magunia mawili bila kuyagusa, akampita katibu kwa upande wa kushoto, akamkamata meneja wake mashavuni, akamtia vidole viwili mdomoni na kuzoa kila kitu hadi punje ya mwisho. Halafu akamburuta moja kwa moja hadi kwenye bomba la maji nje, hatua ishirini na tatu, kona moja, ngazi mbili, akamsukutua. Mwinshehe alipolikunjua gunia, akakuta kwenye mshono kipande cha lebo kilichochanika. Teresia alikisoma kwa sauti. Kilisema MBEGU, na chini yake SUMU.

Lupakisyo akakaa kwenye gunia jingine. Alikuwa na watoto saba, na aliwahesabu mmoja mmoja kwa vidole. Lakini mtu wa kamati hasahau waraka.

"Huyu anajiweza," alisema hatimaye. "Nimeona kwa macho yangu. Sijawahi kuona mtu anajiweza hivi. Aondolewe."

"Sawa, Mwenyekiti," alisema Teresia, akaandika. "Ila fomu."

"Fomu imefanyaje?"

"Sehemu ya jina la asiyejiweza wa kituo. Haiachwi wazi. Kituo kisicho na asiyejiweza hakipewi dizeli."

"Basi kuna nani mwingine hajiwezi hapa?"

Kuli walitazamana. Ikaamuliwa wapimwe wote, kwa gunia lile la pili. Mwinshehe hakuhitaji hata kulifungua. Alilitia begani akasema limeliwa robo, na waliobaki wakasema vivyo hivyo kwa mabega yao. Mwisho akaja Urbanus, kidevu kinachuruzika maji. Alichungulia ndani ya gunia kwa macho yake mawili mazima, fukusi wakamwangalia na yeye akawaangalia.

"Thafi," alisema. Ulimi ulikuwa umekufa ganzi. "Thafi kabitha."

"Andika," alisema Lupakisyo.

"Hapana! Mimi naziweza!" alilia Urbanus.

"Unaziweza zipi?" aliuliza Teresia, kalamu ikiwa tayari.

"Naziweza! Mimi, naziweza!"

"Hazikutajwa kwenye fomu," alisema Teresia, akaandika jina lake.

Urbanus alitaka kulia, na labda angelia kweli, kama Teresia asingemsomea masharti kama yalivyopaswa kusomwa. Asiyejiweza haachishwi kazi. Asiyejiweza hahamishwi kituo. Miaka minne yule bwana hakuwa akilala vizuri kwa kuogopa kuhamishiwa porini. Aliomba kipengele hicho kirudiwe.

"Hata nikikothea?" aliuliza.

"Hata ukikosea," alisema Lupakisyo. "Hasa ukikosea."

Urbanus akatia sahihi. Na kwa kuwa asiyejiweza haachishwi kazi, na kazi yake ilikuwa umeneja, akabaki kuwa meneja, na hakuna aliyeona ajabu.

Melkizedek alikuwa bado amesimama mlangoni na bambo lake. Kamati ilianza kukusanya makaratasi. Alisikia viatu vya Lupakisyo vikielekea kwenye gari, vikilia, na akajua kwamba vikifika huko yeye atakuwa tayari amekwisha.

"Na mimi?" alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kubwa. "Ndugu Mwenyekiti, na mimi?"

"Wewe umeshaondolewa. Pole."

"Nimeondolewa kwenye nafasi ya asiyejiweza. Kuna nafasi ya mkaguzi wa nafaka hapa. Iko wazi mwaka wa tatu. Tangazo lake nimelisikia likisomwa mara nne pale ubaoni, na kila mara nasikia watu wanasema wapi apatikane mtu. Linataka mtu anayejiweza, na nyinyi mmetoka kuandika kwamba najiweza. Mmeandika, sikusema mimi."

Lupakisyo alisimama. Alisikika akifikiri, maana viatu havikulia.

"Katibu, fomu ya mkaguzi inauliza nini kuhusu macho?"

Teresia alifunua karatasi moja, akafunua ya pili. "Hakuna kitu kuhusu macho. Inauliza swali moja tu. 'Mwombaji anajiweza?'"

"Andika ndiyo," alisema Lupakisyo kwa sauti ya uchovu, akaingia garini. Waliondoka bila sampuli.

Jumatatu iliyofuata Melkizedek alichelewa kazini. Kosa lilikuwa la furaha: Agnesi alikaanga maandazi, majirani wakaja, mzee mmoja wa stesheni akamshika mkono hakutaka kuuachia, na kengele ikalia yeye yuko bado njiani. Alipoingia alikuwa amechelewa nusu saa. Zamani Urbanus angesema pole, ungepumzika tu ndugu yangu. Lakini Urbanus sasa alikuwa na kinyongo, ulimi umempona, na hakukuwa na mtu wa kumhamisha. Alipiga chapa kwa mkono wake mwenyewe, kidole kimoja kimoja, asubuhi nzima, na saa ya kufunga akamkabidhi Melkizedek bahasha bila neno.

Melkizedek aliibeba mfukoni hadi nyumbani. Hakuwahi kupata barua iliyoandikwa kwa jina lake. Alimpa Agnesi, akakaa kwenye kizingiti cha mlango na Yudith magotini, akangoja.

Agnesi alisoma. "'Ndugu Melkizedek Yeremia, Mkaguzi wa Nafaka. Onyo la kwanza. Leo umefika kazini saa mbili badala ya saa moja na nusu. Kitendo hiki ni cha uzembe. Ukumbuke kwamba wewe ni mfanyakazi mwenye uwezo kamili, na kwa hiyo ofisi hii haina sababu yoyote ya kukuhurumia. Ukirudia utachukuliwa hatua kali.'" Akaishusha karatasi. Hasira zilikuwa zimempanda. "Mtu uliyemtoa sumu mdomoni! Hana haya?"

Melkizedek alimhamishia Yudith goti la pili, akamgeukia.

"Hapo pa uwezo kamili," alisema. "Anzia hapo. Soma tena, polepole."